UZI: Sombe ya kulisha marafiki wa huku Ulaya, uchungu unatoka wapi?

#1 MwanaKatuba
Jambo wote. Someni vipimo vyote kabla ya kujibu, maana najua kuna mtu wa Bukavu atakuja na "rudi kwenu ujifunze".

Niko Liège, Ubelgiji. Sombe, yaani majani ya muhogo, ni ya friza, pakiti mbili za gramu 500, juu imeandikwa saka-saka, imesagwa lakini haijapikwa. Maji lita moja na nusu, kifuniko juu, dakika 50. Kisha kitunguu kikubwa 1, pilipili hoho ya kijani 1, kitunguu saumu punje 4, samaki wa moshi gramu 300, mawese kikombe cha chai kizima, karanga za kusaga vijiko 2, chumvi. Tena dakika 40, moto mdogo.

Mezani: Wakongomani wawili, Mbelgiji, Mmoroko, Mpolandi, Mvietnamu, Mbrazili. Wakongomani kimya, sahani safi. Mbelgiji na Mmoroko sawa. Mpolandi na Mvietnamu wamesema kuna uchungu nyuma ya ulimi, na hauji mwanzoni, unakuja baada ya kumeza. Mbrazili hakugusa kabisa aliposikia imepikwa saa moja na nusu.

Maswali mawili: uchungu unatoka wapi, na huyu Mbrazili ana shida gani?

#2 MamaKampemba
Mwanangu, njo kifuniko. Sombe mbichi haifunikwi mwanzoni. Iache ichemke wazi nusu saa, ile harufu ya majani mabichi itoke, ndipo ufunike. Ukifunika, jasho la kifuniko linarudi mule mule ndani na ukali wake wote.

Na maji ya kwanza yamwage.

#3 Ndendere_BKV
Rudi kwenu ujifunze. (Nimeshalipa deni.)

Mama, shikamoo, lakini maji ya sombe hayamwagwi. Ukimwaga unabaki na nyasi. Utamu wote wa sombe uko kwenye yale maji yanayokauka taratibu hadi yanashikana na mawese. Kifuniko tunakubaliana. Kumwaga, hapana.

Kwangu mshitakiwa ni pilipili hoho ya kijani. Ikipikwa dakika 40 ndani ya mafuta inatoa uchungu, na uchungu wake unakuja nyuma vile vile anavyoeleza. Tumia nyekundu, au weka ya kijani dakika 10 za mwisho.

#4 Mkemia_Kasapa
Niruhusuni nitenganishe vitu, maana namba 2 na namba 3 wote wana haki, inategemea kiwanda kilifanya nini.

Jani la muhogo lina kitu kinaitwa linamarini. Ndicho chenye uchungu, na ndicho kinachozaa sianidi. Ndani ya jani, linamarini imekaa chumba kimoja na kimeng'enya kinachoivunja kimekaa chumba kingine. Kinu kinapovunja kuta, viwili vinakutana, linamarini inavunjika, na mwishowe inatoka gesi ya sianidi. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo sufuria wazi inatosha kuifukuza. Ndiyo maana mama zetu hutwanga kwanza na kupika baadaye. Wakipika jani zima, kimeng'enya kinakufa kabla ya kazi, na linamarini inabaki nzima.

Sasa sombe ya friza. Kuna viwanda vinasaga majani mabichi moja kwa moja. Kuna vingine vinayachovya kwanza kwenye maji yanayochemka, kisha vinasaga. Kwenye aina ya pili kimeng'enya kimekufa zamani. Hata uchemshe wazi saa tatu, linamarini haivunjiki kirahisi kwa moto peke yake. Ila inayeyuka kwenye maji. Hapo dawa ni ya mama Kampemba: chemsha dakika 15, chuja, weka maji mapya ya moto.

Kwa kifupi: iliyosagwa mbichi, pika wazi na unaweza kubaki na maji yako. Iliyochovywa, mwaga. Angalia pakiti imeandika nini.

#5 MwanaKatuba
Pakiti imeandika "feuilles de manioc pilées, surgelées" na uzito. Hakuna neno lolote la kuchovya.

#6 Ruashi_Lyon
Hawaandiki wote. Angalia rangi ikiyeyuka. Iliyochovywa inabaki kijani cha kung'aa hata baada ya miezi, kwa sababu vimeng'enya vyote vimeshazimwa. Iliyosagwa mbichi inaanza kuingia rangi ya zeituni, pembeni kahawia.

#7 Mkemia_Kasapa
Rangi ni shahidi dhaifu, ndugu. Friza iliyozimika mara mbili njiani itakupa rangi hiyo hiyo hata kwa iliyochovywa. Kama hujui, chukulia ni mbaya zaidi: mwaga maji ya kwanza.

#8 Ndendere_BKV
Yaani tumwage utamu kwa sababu ya kutojua. Haya.

#9 KenyaSoko
Hakuna aliyeuliza samaki. Samaki wa moshi gani?

#10 MwanaKatuba
Kambale, wadogo wadogo, wamekunjwa mkia mdomoni, kutoka duka la Matonge, Brussels.

#11 KenyaSoko
Hapo hapo. Kambale wadogo waliokunjwa mara nyingi hukaushwa na matumbo yao. Nyongo inapasukia ndani kwenye moto, inasambaa upande wa tumbo, na unapoichemsha dakika 40 inaingia kwenye mchuzi wote. Uchungu wa nyongo nao huja baada ya kumeza.

Fanya hivi: mimina maji ya moto juu ya samaki, subiri dakika 10, yamwage. Vunja kichwa, kitupe au kipikie peke yako. Fungua tumbo kwa kidole kuanzia chini ya mapezi. Kama kuna kitu cheusi au cha kijani, kwangua mpaka ufikie nyama ya kahawia. Toa mfupa wa mgongo kwa sababu mgeni asiyezoea hajui kutafuta miba ndani ya kitu cha kijani. Osha mara ya mwisho kwa maji vuguvugu. Gramu 300 zitakuwa gramu 180 hivi, kwa hiyo nunua zaidi.

Ndakala (dagaa) nao ni vile vile. Kwa wageni toa vichwa na matumbo, moja moja, weka redio. Gramu 100 ni nusu saa ya kazi.

#12 YayaKamalondo
Halafu kwa huyo Mmoroko kambale hana tatizo, Wasunni wengi wanakula. Ila mkialika Mshia au Myahudi anayeshika dini, samaki lazima awe na magamba. Kambale hana. Weka tilapia wa moshi au kapiteni. Watu wanakumbuka nguruwe, samaki wanamsahau.

#13 Birere_G
Swali la pili la mwenye uzi hamjaligusa. Mbrazili ana haki yake! Kwao majani ya muhogo wanapika siku saba. Chakula kinaitwa maniçoba: majani yanasagwa, yanachemshwa wiki nzima, maji yanaongezwa kila siku, halafu nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na soseji. Wabrazili wote wamelelewa wakijua kwamba chini ya siku saba ni sumu.

#14 Ruashi_Lyon
Siyo Wabrazili wote. Ni watu wa jimbo la Pará, upande wa Belém, na sehemu moja ya Bahia. Mtu wa kusini ya Brazili anaweza kuwa hajawahi kuiona. Muulizeni huyo rafiki anatoka wapi.

#15 MwanaKatuba
Belém. Haki yenu.

#16 Mkemia_Kasapa
Basi mweleze hivi, siyo "kwetu tumekula miaka yote na hatujafa". Siku saba ni njia moja ya kufika kule kule. Sisi tunafika kwa kusaga laini sana, kuacha kidogo, kupika wazi na kumwaga maji. Na akitaja ugonjwa wa konzo, ule wa kupooza miguu, aliousoma kwenye intaneti, mwambie konzo, ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo, unafuatana na mizizi ya muhogo mchungu isiyolowekwa vya kutosha, ikiliwa kila siku na watu wenye chakula kidogo cha protini. Sahani moja ya sombe iliyochemshwa vizuri siyo hiyo.

Au mpikie saa nne. Hakuna kinachoharibika. Sombe ya saa nne ni laini zaidi na mkeo wa ndoa ya mbali hatakudai talaka.

#17 MamaKampemba
Kumbe na bale ba Brazili banakula sombe! Mimi nilifikiri ni yetu peke.

#18 YayaKamalondo
Mama, Madagaska wanaiita ravitoto, wanapika na nguruwe. Msumbiji ni matapa, na nazi na karanga na kamba. Komoro ni mataba. Indonesia wanachemsha majani mazima machanga na kuyala na pilipili. Sierra Leone na Liberia wanapika karibu sawa na sisi, mawese na vyote. Kwenye meza ya wageni kumi huko Ulaya, watatu wanalijua hilo jani kwa jina lingine. Ni vizuri kuwauliza kabla ya kuwapa mhadhara.

#19 Fundi_wa_Mwiko
Mmesahau mawese. "Kikombe cha chai kizima" kwenye kilo moja ya sombe ni mililita 200 na zaidi. Kwa Wakongomani sawa. Kwa mgeni, mililita 100 mwanzoni na 30 za mwisho kwa ajili ya rangi. Halafu mwenye uzi hajasema kama aliyaunguza. Kuna watu wanapasha mawese peke yake kwenye sufuria mpaka yaache wekundu na kutoa moshi, kisha wanakaangia kitunguu. Mawese yaliyotoa moshi yana uchungu. Yakikaa chupani miezi kwenye dirisha la jua, kabla hata ya moto, yanachacha. Ladha yake inakwaruza koo.

Jaribu: kijiko kidogo cha mawese vuguvugu ulimini, bila kitu. Kikikwaruza, umempata mwizi.

#20 MwanaKatuba
Sikuunguza. Niliyatia juu ya sombe moja kwa moja. Nimelamba sasa hivi: yana harufu kali kidogo lakini hayakwaruzi.

#21 Ndendere_BKV
Kwa hiyo tumebaki na kifuniko, maji, hoho, nyongo. Mimi nabaki na hoho.

#22 KenyaSoko
Wakongomani wawili hawakusikia chochote. Hoho ingekuwa mkosaji wangeisikia. Nyongo tumeizoea utotoni.

#23 Ndendere_BKV
Na uchungu wa muhogo hatukuuzoea?

#24 Birere_G
Kuna jambo la mwinuko. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 96. Goma, mita 1,500 hivi, nyuzi 95. Liège iko chini, nyuzi 100 kamili au karibu. Watu wanachukua dakika za nyumbani na kuzipeleka kule bila kubadilisha. Kule vitunguu saumu, hoho na samaki vinaiva haraka zaidi, vinapita kiwango, uchungu unatoka.

#25 Mkemia_Kasapa
Nyuzi nne hazigeuzi hoho kuwa shubiri, ndugu wa Birere. Zinabadilisha maharage, ndiyo: nyumbani yanachelewa kuiva, kule yanawahi. Kwa sombe ya kusagwa, tofauti ni dakika chache.

Kitu ambacho kinabadilika kweli ni jiko. Makaa yanapungua nguvu yenyewe kadiri chakula kinavyoiva. Jiko la induksheni halipungui mpaka uliguse. Sombe nzito ikikaa namba 6 na maji yameisha, chini inashika bila kutoa moshi, unakoroga ule weusi unaingia ndani. Mwenye uzi, sufuria ilikuwa na ukoko?

#26 MwanaKatuba
Kidogo. Mduara wa ukubwa wa kiganja.

#27 Fundi_wa_Mwiko
Ha! Na hilo ulilificha mpaka namba 26.

Sombe ikishashika, usikoroge. Hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine, ya chini iache pale pale. Maji ya kuongeza yawe ya moto, siyo ya bomba.

#28 Ruashi_Lyon
Karanga nazo. Siagi ya karanga ya madukani huku nyingi ina sukari na chumvi, na karanga zimekaangwa sana. Sukari na uchungu wa karanga za kuungua vikikutana na majani, mgeni anasikia kitu asichoweza kukitaja. Tafuta ya karanga asilimia 100. Au kaanga mwenyewe gramu 80 kwenye sufuria kavu moto mdogo dakika 12, sugua kwa kitambaa mpaka maganda yatoke yote, saga. Maganda mekundu yana ukakasi.

Na lazima useme kwa sauti kabla ya kupakua: "ndani kuna karanga na samaki". Vyote viwili viko kwenye orodha ya vitu 14 ambavyo Umoja wa Ulaya unalazimisha vitajwe kwenye vyakula. Nyumbani kwako sheria haikufuati, lakini koo la mtu mwenye mzio haliangalii kama uko mgahawani au sebuleni. Ukiwa na mmoja tu mwenye mzio wa karanga, pika sufuria nzima bila karanga. Usipike mbili na mwiko mmoja.

#29 YayaKamalondo
Naongeza vijiti vya kuonja, maana kuonja kwa kijiko kile kile ndiko kunachanganya sufuria. Na mchemraba wa supu. Mingi ina ngano au selari ndani. Soma nyuma.

Vinkubala (viwavi vya kuliwa) je? Kuna mtu atataka kuwaonjesha.

#30 KenyaSoko
Vinkubala waulize kwanza nani ana mzio wa kamba na kaa. Mwili wa mdudu na wa kamba una protini inayofanana, kwa hiyo aliyevimba kwa kamba anaweza kuvimba kwa vinkubala. Kwa wasio na mzio: loweka gramu 200 za vikavu kwenye maji vuguvugu saa moja, badilisha maji mara tatu mpaka mchanga usisikike kwenye kidole, chemsha dakika 25, chuja, kaanga na kitunguu na nyanya mpaka vikauke. Waweke kwenye kibakuli kidogo pembeni. Usiwafiche ndani ya mchuzi. Mtu akikikuta kwa bahati mbaya hatarudi kwako hata kwa wali.

#31 Birere_G
Swali la pembeni: mgeni asiyekula samaki wala nyama? Sombe bila samaki inakuwa kama dawa.

#32 YayaKamalondo
Haiwi. Uyoga mkavu gramu 30, loweka dakika 20 kwenye maji ya moto, katakata, na yale maji yake yatie kwenye sombe, ila acha ya chini yenye mchanga. Mbika (mbegu za maboga) zilizosagwa vijiko 3 badala ya samaki kwa uzito. Kwa ule moshi, choma biringanya nzima juu ya moto wa gesi mpaka ganda liwe jeusi, menya, ponda, tia ndani. Rafiki Mhabeshi wa Orthodoksi atakula hiyo Jumatano na Ijumaa, siku zao za mfungo, hakuna cha mnyama humo. Kwa Wahindi uliza na vitunguu, kuna wasiokula kitunguu wala saumu kwa dini yao.

Biringanya ikiwa na mbegu nyeusi, acha. Nayo ina uchungu. Naona orodha yetu inarefuka.

#33 MamaKampemba
Na bukari, ule ugali wetu? Mbona hamsemi bukari? Huyo mtoto aliwapa sombe na nini?

#34 MwanaKatuba
Bukari, mama. Ilivutika kama gundi. Sikutaka kuongeza aibu.

#35 Ndendere_BKV
Inaitwa bugali.

#36 Fundi_wa_Mwiko
Inaitwa bukari, na hapa ndipo nimekuwa nikisubiri.

Kuvutika kunatokana na muhogo kuingia mapema. Wanga wa muhogo unavimba kwenye joto dogo kuliko wa mahindi, na ukiendelea kuuchemsha na kuukoroga unapasuka, unakuwa kamasi. Mahindi yanataka muda. Kwa hiyo haviingii pamoja.

Watu sita: maji lita 1.5. Unga wa mahindi gramu 450, wa muhogo gramu 250. Chukua gramu 120 za mahindi, zikoroge na maji baridi nusu lita kutoka kwenye ile lita na nusu. Lita iliyobaki ichemke. Mimina uji huo ndani, koroga, punguza, acha uchemke dakika 10. Hiyo ndiyo hatua wanayoiruka, na ndiyo inayoondoa ladha ya unga mbichi. Kisha mahindi yaliyobaki kidogo kidogo, mwiko ukisukuma kutoka kwako kwenda ukutani mwa sufuria, dakika 5. Toa pembeni ya moto. Sasa muhogo wote, haraka, kandamiza na kugeuza kama mara 30. Rudisha moto mdogo dakika 2, kisha pakua. Ukiona inang'aa na inaachia sufuria yenyewe, imekwisha, usiiongeze hata mara moja.

Kwenye induksheni sufuria inazunguka. Weka kitambaa kilicholoa pembeni na ushike sikio la sufuria, au shusha sufuria sakafuni juu ya ubao, kama nyumbani.

Unga: soma pakiti. Unga wa mahindi uliokwisha pikwa, ule wa arepa kama P.A.N., unakunywa maji hata yakiwa baridi, unatoa donge la aina nyingine. Mzuri kwa kazi yake, siyo hii. Polenta ya dakika mbili nayo imekwisha pikwa. Unataka unga mweupe mbichi, laini.

#37 Ruashi_Lyon
Wengi huku wanatumia semulina laini ya ngano kwa sababu haikosei. Kweli haikosei, lakini mgeni asiyekula gluteni umeshamwambia "bukari ni mahindi na muhogo tu" halafu unampa ngano.

#38 Birere_G
Kiasi cha mgeni kiwe nusu ya ngumi. Tengeneza vidonge vidogo kwa kikombe kilicholowa maji, funga kimoja kimoja na plastiki ya jikoni, weka ndani ya chombo chenye kifuniko kinachoshika joto. Donge kubwa moja katikati ya meza linawatisha.

#39 MamaKampemba
Na maji ya kunawa. Mabakuli mawili, la sabuni na la kusuuzia, maji vuguvugu. Ukiwaambia bale kwa mkono halafu hauwapi maji, umebaacha njiani.

#40 YayaKamalondo
Na sahani za moto! Hakuna aliyelisema na ni nusu ya malalamiko ya wageni. Mawese kwenye chumba cha nyuzi 20 yanaanza kuganda. Mgeni anazungumza, hali haraka kama sisi, baada ya dakika 15 pembeni ya sahani kuna nta ya rangi ya chungwa, na mdomoni inashika kwenye kaakaa. Sahani oveni nyuzi 80, dakika 10, kabla ya kupakua. Sombe ibaki kwenye sufuria nzito yenye kifuniko juu ya meza, pakua kidogo, rudia.

Hata ule "uchungu wa nyuma" wa Mpolandi unaweza kuwa huu. Mafuta yaliyoganda yanaacha ladha ikae ulimini muda mrefu.

#41 KenyaSoko
Yaya, hiyo ya nta nakubali. Ya uchungu, hapana. Nyongo.

#42 MwanaKatuba
Kuna mtu anakuja kutoka Lubumbashi mwezi ujao. Aniletee sombe yenyewe na samaki, niache haya ya friza?

#43 Ruashi_Lyon
Samaki wa moshi au mkavu kwa matumizi yako anaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya, hadi kilo 20. Nyama hapana, hata kavu, hata ya kuku, na maziwa hapana. Majani mabichi: tangu tarehe 14 Desemba 2019 mimea yote mibichi inahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Sombe mbichi haimo kwenye hayo matano. Itaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege.

#44 Ndendere_BKV
Mwambie akuletee ndakala wa Tanganyika na sambaza wa Kivu, uwalinganishe. Sambaza watashinda.

#45 Fundi_wa_Mwiko
Sambaza wenyewe walitoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakapandikizwa Kivu. Ni wajomba.

#46 Ndendere_BKV
Walikuja wakapendeza.

#47 Mkemia_Kasapa
Turudi. Mwenye uzi, ukitaka kujua badala ya kubishana, pakiti mbili zile zile, yeyusha usiku kwenye frigo. Sufuria tatu, gramu 300 kila moja, maji mililita 600 kila moja. Ya kwanza na kifuniko, usimwage. Ya pili wazi, usimwage. Ya tatu wazi dakika 15, chuja kwa kitambaa bila kukamua sana, maji mapya yanayochemka. Zote saa moja na nusu kamili, usionje kabla. Hakuna hoho, hakuna samaki, hakuna mawese, chumvi kijiko kidogo nusu kila moja. Namba chini ya bakuli, siyo juu. Waonje wale wawili tu, Mpolandi na Mvietnamu, na mkate katikati.

Zote tatu zikiwa safi, sombe yako haina kosa, tafuta kwa samaki na hoho. Moja na mbili zikiwa chungu na ya tatu safi, kiwanda kilichovya majani. Ya kwanza peke yake, ni kifuniko cha mama.

#48 KenyaSoko
Ongeza ya nne na kambale wako kama walivyo, bila kuwasafisha. Utanipigia simu.

#49 Ndendere_BKV
Na ya tano na hoho.

#50 MamaKampemba
Yote ile masufuria, nani ataosha?

#51 MwanaKatuba
Jumamosi. Nina majiko manne tu, kwa hiyo hoho itasubiri, ndugu wa Ndendere unisamehe. Asanteni wote. Na bukari iliyobaki, zile gramu kama 600, naitupa?

#52 Fundi_wa_Mwiko
Usiitupe. Frigo usiku mzima ikiwa imefunikwa, kesho yake inakuwa ngumu. Kata vipande vya unene wa kidole, pangusa maji, kaanga kwenye mafuta ya sentimita moja mpaka pembe ziwe kahawia, dakika 4 kila upande, usivigeuze kabla havijaachia chini. Chumvi na pilipili ya unga. Mbelgiji wako atadhani ni chipsi za aina mpya.